Mifano ya Yesu na Watu Waliokuwa Wakisikiliza

Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi, hakuanza na lawama. Daudi alikuwa amemchukua Bathsheba, mke wa askari wake Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani mbele ya kuta za Raba. Mfalme wa namna hiyo haendewi kwa kunyooshewa kidole. Nabii akamletea kesi. Katika mji mmoja, alisema, palikuwa na tajiri mwenye makundi ya kondoo na ng'ombe, na jirani yake maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu wa kike, aliyemlea pamoja na watoto wake, akala naye chakula chake na kumlaza kifuani. Tajiri akapata mgeni. Akaona uchungu kuchinja wa kwake, akamnyang'anya maskini yule mmoja aliyekuwa naye. Daudi akawaka hasira. Akaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa, na kwamba atalipa mara nne, kiwango kilekile ambacho Torati inamtoza mwizi wa kondoo. Hukumu ilipokwisha kutamkwa na mfalme mwenyewe, Nathani akamjulisha kwamba tajiri yule ni yeye.

Kisa hiki kiko katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, na mimi huanza nacho kila ninapofundisha mifano ya Yesu, maana kazi ya mfano inaonekana humo waziwazi. Daudi hakupewa habari mpya. Alikijua alichokifanya kuliko mtu mwingine yeyote. Alichokosa ni mahali pa kusimama ili akione kama watu wengine wanavyokiona, na hadithi ya mwanakondoo ikampa mahali hapo kabla hajajua anapelekwa wapi.

Isaya naye aliitumia njia hiyo katika sura yake ya 5. Aliwaimbia watu wa Yuda habari za shamba la mizabibu lililotunzwa kwa kila namna likazaa matunda ya mwitu, akawataka waamue wao wenyewe kati ya mwenye shamba na shamba lake, kisha akawaeleza kwamba shamba ni wao. Baada ya nabii walikuja walimu wa Kiyahudi, ambao maandiko yao yamejaa mifano ya wafalme, wana, wafanyakazi na karamu. Yesu alikulia katika mapokeo hayo. Wasikilizaji wake hawakushangaa kumsikia mwalimu akisema kwa mifano. Waliishangaa mifano yenyewe.

Katika Injili za Mathayo, Marko na Luka, karibu theluthi moja ya maneno ya Yesu ni mifano. Mingine ni sentensi moja tu, kama ule wa mwanamke aliyechanganya chachu katika unga, na mingine ni hadithi kamili yenye wahusika wanaojibizana. Shule ya Jumapili tulifundishwa kwamba ni hadithi za mambo ya duniani zenye maana ya mbinguni, na kwamba Yesu alizitumia ili watu wa kawaida wamwelewe kwa urahisi. Kuna ukweli katika maelezo hayo, lakini yanatuacha na swali gumu: kama mifano ilikuwa rahisi hivyo, mbona wanafunzi walimwendea faraghani kumwuliza maana yake? Na mbona wakuu wa Yerusalemu, waliposikia ule wa wakulima waliomuua mwana wa mwenye shamba, walitaka kumkamata? Marko anasema walitambua kwamba amewasema wao. Hadithi ya kilimo isiyo na makali haimfikishi mtu kwenye hatari hiyo.

Kwa maoni yangu, ufunguo wa kwanza wa mfano wowote ni kumjua aliyekuwa akiambiwa. Waandishi wa Injili mara nyingi wanatutajia, ila sisi tunaruka mistari hiyo kwa sababu tunaharakia hadithi.

Chukua kondoo aliyepotea. Katika Mathayo 18 Yesu anazungumza na wanafunzi wake mwenyewe, na habari ni ya wadogo walio katika jumuiya, wanaoweza kudharauliwa na kuachwa wapotee. Hapo mfano ni agizo kwa viongozi: mfuateni aliyepotoka. Katika Luka 15 kondoo ni yuleyule, mchungaji ni yuleyule, lakini wanaosikiliza ni Mafarisayo na waandishi wanaonung'unika kwamba mtu huyu anakula na wenye dhambi. Hapo mfano ni jibu kwa lawama, na uzito wake wote uko kwenye furaha ya mchungaji, kwa kuwa wao wamekataa kufurahi. Kuna hata umbo la tatu. Katika Injili ya Tomaso, maandiko ya zamani yasiyo sehemu ya Biblia, ambayo nakala yake ya Kikopti ilipatikana karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, kondoo aliyepotea ndiye mkubwa kuliko wote, na mchungaji anamwambia kwamba anampenda kuliko wale 99. Hapo ajabu yote imekwisha. Nani asingemtafuta kondoo aliye bora kuliko wote? Ukisoma mistari miwili au mitatu iliyotangulia mfano, mara nyingi umeshapata nusu ya maana yake.

Kwa karne nyingi Kanisa lilisoma mifano kwa njia nyingine. Kila kitu ndani ya hadithi kilihesabiwa kuwa alama ya kitu kingine, na kazi ya mhubiri ilikuwa kufumbua alama moja baada ya nyingine. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, mji ambao leo uko Algeria na unaitwa Annaba, ndiye mfano mashuhuri. Alipoufafanua mfano wa Msamaria, yule aliyeteremka kutoka Yerusalemu alikuwa Adamu. Yerusalemu ni mji wa mbinguni alikoanguka kutoka, na Yeriko ni mwezi, unaokua na kufifia kama maisha ya mwanadamu. Wanyang'anyi ni Shetani na malaika zake. Kuhani na Mlawi ni Agano la Kale lisiloweza kuokoa. Msamaria ni Kristo, mnyama wake ni mwili aliouvaa, nyumba ya wageni ni Kanisa, dinari mbili ni amri mbili za upendo, na mwenye nyumba ya wageni ni Mtume Paulo.

Siwezi kuyadharau maelezo hayo. Yametoka kwa mtu aliyeipenda Injili kwa moyo wote, na ndani yake kuna mafundisho ya wokovu ambayo Kanisa linayakiri hadi leo. Lakini angalia kilichopotea. Yesu alikuwa ameulizwa swali na mwanasheria: jirani yangu ni nani? Katika ufafanuzi wa Agostino swali hilo halijibiwi. Mwanasheria angeondoka akiwa na ramani nzima ya historia ya wokovu, akiwa na Paulo ambaye wakati huo alikuwa hajawa mfuasi wa Yesu, na bado hajui amtendeeje mtu aliyelala barabarani.

Mjerumani Adolf Jülicher ndiye aliyeivunja njia hiyo, katika kazi kubwa aliyoanza kuitoa mwaka 1886. Alishikilia kwamba mfano una hoja moja tu, na kwamba mengine yote ndani yake yapo ili hadithi iende. Mwingereza C. H. Dodd mwaka 1935, na Joachim Jeremias mwaka 1947, wakasogea hatua nyingine: hoja hiyo itafutwe katika Galilaya na Yerusalemu za siku zile, katika mabishano ambayo Yesu alikuwa nayo na watu halisi. Tunawawia deni kubwa. Lakini Jülicher alivuka mpaka upande wa pili, maana hoja alizozipata yeye mara nyingi zilikuwa mafunzo mepesi ya tabia njema ambayo hakuna mtu angeyapinga, na aliyeyafundisha hayo tu asingesulubiwa. Kosa hilo la pili ndilo linalotusumbua zaidi siku hizi. Mahubiri mengi kuhusu Msamaria yanaishia kwenye wito wa kusaidiana, wito ambao mwanasheria yule angeuitikia bila kusita.

Basi tushuke barabara ile pole pole.

Kutoka Yerusalemu hadi Yeriko ni kama kilomita 27. Yerusalemu iko juu milimani, kama mita 750 juu ya usawa wa bahari. Yeriko iko bondeni, kama mita 250 chini ya usawa huo. Ni mteremko wa kilomita nzima, katika jangwa la mawe na makorongo yanayofaa sana kujificha. Kila aliyemsikiliza Yesu aliijua barabara hiyo, na hakuna aliyeshangaa kusikia kwamba mtu alishambuliwa huko. Aliyeshambuliwa hana jina wala kabila. Amevuliwa nguo, ambazo zingesema yeye ni nani, na yu karibu kufa, hivyo hata lafudhi yake haisikiki. Anayemkuta hana njia ya kujua kama ni wa kwake.

Kuhani anapita. Wahubiri wengi humtetea, wakisema aliogopa kunajisika kwa maiti na kukosa huduma ya Hekalu. Utetezi huu ni dhaifu. Luka anasema kuhani alikuwa akiteremka kwa njia ile, maana yake anatoka Yerusalemu. Kama alikuwa na zamu ya Hekalu, ameshaimaliza. Tena sheria ya Walawi sura ya 21, inayomkataza kuhani kugusa maiti isiyo ya ndugu wa karibu, haimtaji Mlawi wa kawaida, na Mlawi naye alipita kando. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200, unamwagiza hata Kuhani Mkuu amzike mtu asiye na wa kumzika. Msomi wa Kiyahudi wa Agano Jipya, Amy-Jill Levine, katika kitabu chake cha mwaka 2014, amelikazia jambo hili, na nadhani ana haki. Tunapowasingizia kuhani na Mlawi kwamba dini yao ndiyo iliyowafanya wakatili, tunaisema vibaya dini ya Kiyahudi, kisha tunajiondoa wenyewe kwenye hadithi. Sheria yao iliwaamuru wasaidie. Hawakusaidia. Luka hatupi sababu, na ukimya huo unaniuma kuliko sababu yoyote, kwa kuwa najua nami nina sababu zangu.

Sasa msikilizaji anangoja wa tatu. Kuhani, Mlawi, kisha Mwisraeli wa kawaida: hayo ndiyo makundi matatu ambayo Wayahudi waliyataja kwa mpangilio huo, na mtu wa kawaida anayewaaibisha wakubwa wa dini angekuwa hadithi tamu kwa umati. Anayetokea ni Msamaria. Uadui wa pande mbili ulikuwa wa damu. Karne ya 2 kabla ya Kristo, mtawala wa Kiyahudi Yohane Hirkano alilibomoa hekalu la Wasamaria juu ya Mlima Gerizimu. Mwanahistoria Yosefo anasimulia kwamba Yesu alipokuwa kijana, wakati Koponio alipokuwa liwali wa Kirumi, Wasamaria waliingia usiku katika Hekalu la Yerusalemu majira ya Pasaka wakatawanya mifupa ya watu humo ili kulitia unajisi. Na ukirudi sura moja tu katika Luka, utakuta kijiji cha Wasamaria kimemnyima Yesu mahali pa kulala, na Yakobo na Yohane wanaomba ruhusa ya kuagiza moto kutoka mbinguni ukiteketeze. Wanafunzi hao wapo, wanasikiliza, siku si nyingi baada ya hapo.

Hadithi inayokwenda haraka sasa inapunguza mwendo. Kwa kuhani na Mlawi Luka alitumia sentensi moja moja. Kwa Msamaria anahesabu kila tendo: anaona, anahurumia, anakaribia, anafunga majeraha, anamimina mafuta na divai, anampandisha kwenye mnyama wake, anampeleka nyumba ya wageni, anamwuguza, asubuhi anatoa dinari mbili, anaahidi kurudi na kulipa zaidi. Dinari mbili ni ujira wa siku mbili. Ahadi ya kulipa zaidi ni nzito kuliko fedha zenyewe, maana mtu aliyenyang'anywa kila kitu, akishindwa kulipa gharama za nyumba ya wageni, angeweza kubaki na deni lisilolipika.

Kisha Yesu anauliza swali, na si lile aliloulizwa. Mwanasheria alitaka kujua mpaka wa ujirani unaishia wapi, ili ajue ni nani aliye ndani. Yesu anamwuliza ni yupi kati ya wale watatu aliyekuwa jirani yake yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Mwanasheria amesogezwa. Alikuwa amesimama juu akigawa ujirani, sasa anatakiwa kutazama kutoka chini, kwa macho ya aliyelala njiani, na kutoka huko mtu hachagui kabila la mkono unaomwinua. Anajibu sawasawa, lakini neno Msamaria halimtoki mdomoni. Anasema tu kwamba ni yule aliyemhurumia. Magazeti yetu humwita msamaria mwema kila mpita njia aliyemkimbiza majeruhi hospitali, na kwa hiyo sisi tunalitamka kwa raha jina ambalo yeye lilimkaa kooni. Anayetaka kuusikia mfano huu upya aliweke mahali pake jina la watu ambao hapendi kabisa kudaiwa wema nao. Kila mmoja wetu anawajua wa kwake, wawe wa kabila, dhehebu, dini au chama.

Katika mifano mingine makali hayo yamefichwa kwenye hesabu, na hesabu hizo tunazipita bila kuzipiga. Mathayo 18 ina mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa na thamani ya dinari 6,000, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku. Deni lake basi ni dinari milioni 60. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka bila kula senti, atamaliza baada ya miaka 200,000. Yosefo anasema Herode Antipa, mtawala wa Galilaya enzi za Yesu, alipata talanta 200 kwa mwaka kutoka katika eneo lake lote. Mtumwa mmoja amekula mapato ya nchi ya miaka 50. Watu wa Galilaya, waliolipa kodi hiyo kwa jasho, lazima walipigwa na butwaa, na mtumwa anapoomba avumiliwe kidogo ili alipe yote, ombi lake ni la mtu asiyejua anachosema.

Lakini nimesikia wahubiri wengi wakiliita deni la pili, dinari 100 alizodai mtumwa huyo kwa mwenzake, kuwa ni vijisenti. Hapo wanaukosea mfano, na wanawakosea waliodhulumiwa wanaokaa kwenye viti vya kanisa. Dinari 100 ni ujira wa karibu miezi minne ukiondoa siku za sabato. Ni fedha ya kweli, ya kumnyima mtu usingizi. Yesu hasemi kwamba tuliyotendewa na wenzetu ni madogo. Anayaacha na ukubwa wake kamili, kisha anayaweka kando ya kitu kingine kikubwa mara 600,000. Mwanamke aliyeumizwa na ndugu yake anaweza kuusikiliza mfano huo bila kuambiwa kwamba jeraha lake si kitu.

Kuna jambo moja katika elimu ya mifano ambalo Tanzania imechangia, na sijui kwa nini halizungumzwi zaidi makanisani kwetu. Mark Allan Powell, aliyekuwa profesa wa Agano Jipya katika seminari ya Kilutheri huko Ohio, Marekani, aliwaomba watu wasome mfano wa mwana mpotevu, kisha wausimulie kwa kumbukumbu. Kati ya Wamarekani 100, ni 6 tu waliokumbuka kwamba ile nchi ya mbali ilipatwa na njaa kuu. Huko St. Petersburg, Urusi, kati ya watu 50, 42 waliitaja njaa. Mji huo ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu 1941 hadi 1944 na watu wake wakafa njaa kwa mamia ya maelfu. Wamarekani walikumbuka vizuri kwamba kijana alitapanya mali, jambo ambalo wengi wa Warusi hawakulitaja. Kisha Powell akaja Tanzania na kuuliza kwa nini kijana yule alifikia kutamani chakula cha nguruwe. Wengi wakampa sababu ya tatu: kwa kuwa hakuna mtu aliyempa kitu. Kijana ni mgeni katika nchi ya watu, hana ndugu, na nchi nzima imemwacha alale njaa. Kwao aibu ya hadithi iko hapo, na nyumba ya baba ni nzuri hasa kwa sababu humo mtu hupokewa na kulishwa.

Sababu zote tatu zimo katika Luka 15, mstari wa 13 hadi wa 16. Hakuna aliyebuni kitu. Kila msomaji alisikia sehemu ambayo maisha yake yalikuwa yamemwandaa kuisikia. Nakaza jambo hili kwa sababu walimu wetu wa Biblia wamesomea vitabu vilivyoandikwa mbali, na baadhi yao huona haya kuleta darasani kile ambacho bibi kizee wa jumuiya ndogo ndogo anakiona mara moja. Wanaosikia kwa Kiswahili wana njia za mkato ambazo wasomi wa kwingine wanazitafuta kwenye maelezo ya chini ya ukurasa. Mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, unahesabu saa kama sisi tunavyozihesabu: saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja jioni. Msomaji wa Kigoma au Kisumu hahitaji kuelezwa kwamba wale wa saa kumi na moja walibakiza saa moja tu jua litue. Wala hahitaji kuelezwa maana ya watu wazima kusimama sokoni tangu alfajiri wakingoja mwenye kazi. Anawapita kila siku, au yeye ni mmoja wao. Wanapomjibu mwenye shamba kwamba hakuna aliyewaajiri, anajua si wavivu. Dinari moja ni chakula cha nyumba kwa siku moja, na watoto wa kibarua wa jioni wana tumbo lilelile. Manung'uniko ya wale wa alfajiri nayo yanasikika vizuri zaidi hapo. Hawakupunjwa. Wanalalamika kwamba wale wengine wamefanywa sawa nao.

Ukaribu huo una hatari yake pia, na iliyo kubwa kwetu ni ile ya mbegu. Katika mikutano mingi ya siku hizi mfano wa mpanzi unasomwa kabla ya sadaka. Mbegu ni noti, udongo mzuri ni huduma ya mhubiri, na thelathini, sitini na mia ni faida ambayo mtoaji ataivuna. Watu wameuza mashamba na pikipiki kwa mahubiri ya namna hiyo. Lakini mpanzi ni mmoja wa mifano michache ambayo Injili yenyewe imeambatanisha na maelezo. Marko 4 inasema kinachopandwa ni neno, na wanaolipokea ndio udongo. Hakuna fedha inayopandwa. Mali inatajwa mara moja tu: udanganyifu wake ni mojawapo ya miiba inayolisonga neno lisizae. Mhubiri anayeufanya mfano huo uwe ahadi ya faida anawapandia watu miiba ileile.

Sura hiyohiyo ya Marko ndiyo yenye maneno magumu kuliko yote kuhusu mifano. Wanafunzi wakiwa faraghani na Yesu, anawaambia kwamba kwa walio nje yote huwa kwa mifano, kisha anaitaja habari ya Isaya 6, ya watu wanaotazama wasione na kusikia wasielewe. Marko anaandika kana kwamba kufichwa huko ni kusudi. Mathayo, katika sura ya 13, anaieleza kama matokeo ya mioyo iliyokuwa migumu tayari. Wasomi wamebishana sana juu ya tofauti hiyo. Mimi naona mifano yenyewe inatusaidia. Hadithi inayomtaka msikilizaji ajitambue ndani yake inaweza kukataliwa kwa urahisi mno: inatosha kuisikia kama habari ya mtu mwingine. Daudi angeweza kumhukumu yule tajiri na kurudi chumbani kwake. Ndani na nje, katika Marko, si viti vya kudumu, maana kabla injili hiyo haijafika katikati, Yesu anawauliza wanafunzi haohao kama wao nao wana macho yasiyoona.

Tahadhari moja nyingine, kwa ufupi: tusimfanye kila bwana, mfalme na tajiri kuwa Mungu. Kadhi wa Luka 18, asiyemcha Mungu wala kumjali mtu, si picha ya Mungu. Hoja inakwenda kwa kuzidisha: ikiwa hata mtu kama huyo hatimaye alimpa mjane haki yake, je, Mungu atawacheleweshea walio wake? Aliyekosa kuliona hilo atafundisha kwamba Mungu lazima asumbuliwe.

Na upo mfano ambao haujamwachia mtu yeyote nafasi ya kujisifu kwamba ameumaliza. Katika Luka 16 wakili wa tajiri anashtakiwa kwamba anatapanya mali, anaambiwa kazi imekwisha, na kabla habari haijaenea anawaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja. Aliyedaiwa vipimo 100 vya mafuta anaandika 50, wa ngano 100 anaandika 80. Bwana anamsifu. Kwa nini? Wapo wanaosema wakili alifuta faida yake mwenyewe, wapo wanaosema aliondoa riba ambayo Torati iliikataza, wapo wanaosema ni wizi mtupu na kinachosifiwa ni ule wepesi wa mtu aliyetambua kwamba saa yake imefika. Nimeielekea hii ya mwisho, kwa kuwa maandishi yanamwita dhalimu na hayataji riba wala kamisheni. Luka mwenyewe ameupanga mfano huo pamoja na misemo kadhaa inayofuatana, mmoja kuhusu werevu wa wana wa ulimwengu huu, mmoja kuhusu kujifanyia rafiki kwa mali, mingine kuhusu uaminifu katika kidogo na kutotumikia mabwana wawili, wala hakuchagua mmoja uwe jibu la yote.

Ila hakusahau kutuambia nani alikuwa akisikiliza. Mfano uliambiwa wanafunzi, lakini Mafarisayo walikuwa karibu wakisikia, na Luka anaandika kwamba walikuwa wapenda fedha, wakamdhihaki.